Siti tatu nilizonunua kabla mtu hajaniangalia mikono

Ukishapita Kikatiti unaelekea njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuna kipande cha barabara nilikuwa nakiogopa kuliko mlima wowote huku kwetu. Hakina mteremko mkali wala kona, kinashuka kidogo kidogo tu, na hapo ndipo shida ilipo, maana mlimani unakaa unasimama unakaa tena, lakini pale unakaa tu unazungusha pedeli dakika 20, nusu saa, uzito wote umelalia sehemu ileile moja. Jumapili moja mwezi wa sita nikashuka pale kunywa maji nikagundua sijisikii. Yaani huku chini, kuanzia mbele mpaka karibu na nyuma, ganzi kabisa, kama mdomo ukitoka kung'oa jino. Nikasimama nimeshika usukani, nimeinamia tairi la mbele kama nalikagua, nasubiri damu irudi, na iliporudi ilichoma kama siafu wamepanda. Tulikuwa saba siku hiyo, wanaume sita na mimi, sikumwambia mtu. Nikapanda tukaenda zetu mpaka Boma Ng'ombe, na kutoka Boma mpaka Moshi nilikuwa nasimama kwenye pedeli kila nikihesabu mia.

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi yuko pale nilipokuwa, anaumia na anadhani ndivyo baiskeli ilivyo, kwamba makalio yatazoea. Kuna maumivu ya kuzoea kweli, sikatai, mtu mgeni wiki mbili tatu za kwanza anasikia kama amepigwa kwenye ile mifupa miwili ya kukalia na baadaye inapita. Ila ganzi haizoeleki. Na michubuko inayorudi palepale kila wiki haizoeleki, ukiona umeizoea basi jua kuna kitu unakiumiza. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimekaa miezi saba naambiwa nivumilie, na walioniambia walikuwa wananipenda.

Baiskeli yangu ni ya mtumba kama za wengi wetu hapa Arusha. Fremu ni saizi 54, mimi nina urefu wa sentimita 163. Aliyekuwa nayo huko Ulaya nadhani alikuwa mwanaume mrefu, maana ilikuja na kila kitu kimekaa kwa mwili wake, siti iko juu, usukani uko mbali na uko chini, na mimi nilivyoiona inang'aa, gia zote zinaingia, nikalipa. Wakati ule nilijua kuangalia cheni na rimu. Kuangalia kama baiskeli inanitosha sikujua kama ni kitu cha kuangalia, nguo tunajaribu, viatu tunajaribu, baiskeli tunaipiga tu pampu tunaondoka.

Sasa sikia ilivyokuwa. Nikaenda kwa fundi, kijana mzuri tu, mikono misafi, lakini ni umri wa mdogo wangu wa mwisho. Nitamwambiaje naumia wapi? Nikasema, "Fundi, siti inaniumiza." Basi. Na yeye akajibu kile alichoambiwa, "Dada, hii ni ngumu sana, nikuwekee ya jeli." Akaniwekea nene, laini, ukibonyeza kidole kinazama. Kilometa 10 za kwanza nilifurahi mno, nikafika Usa River naumia kuliko zamani. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini: siti laini inazama pale mifupa ilipo, na mifupa ikishazama, ile jeli ya katikati inainuka na kusukuma nyama laini, yaani palepale palipokuwa na shida. Ulaini unafaa kwa safari ya kwenda sokoni na kurudi. Ukikaa masaa matatu unakugeuka.

Siti ya pili ilikuwa pana, yenye springi chini, sawa na ya Phoenix, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo. Hii nilijichagulia mwenyewe kwa hoja kwamba wazee wanaobeba maziwa na ndizi wanapanda hizo miaka 40 na hawalalamiki. Ni kweli hawalalamiki, ila angalia wanavyokaa. Mtu wa Phoenix amenyooka mgongo, usukani uko karibu na kifua, nyonga imesimama wima, uzito wote uko kwenye mifupa miwili ya nyuma, na siti pana ndiyo inaihitaji. Baiskeli ya mashindano inakulaza mbele. Ukilala, nyonga inazunguka kwenda mbele, unakuwa hukalii tena ile sehemu ya nyuma kabisa, unakalia mbele yake kidogo ambapo mifupa inakaribiana, na siti pana sasa inakuwa inakusugua mapaja kila mzunguko. Kwa mwendo wa kawaida unazungusha mara 80 au 90 kwa dakika. Piga hesabu kwa saa, ni zaidi ya mara 4,800 paja linapita kwenye ukingo uleule. Nilichubuka pande zote mbili mpaka kutembea darasani ikawa shida, mimi mwalimu, nasimama siku nzima.

Ya tatu ilikuwa nyembamba, ngumu, nzuri kuangalia, mwenzetu mmoja aliniuzia akasema ndiyo wanayotumia mabingwa. Sitaisema sana. Ganzi ya Kikatiti ilinikuta juu ya hiyo.

Mwezi wa saba nikaenda Moshi kwa shangazi, nikakaa wiki, nikawa napanda mpaka Himo na kurudi asubuhi. Siku ya tatu spoku ikakatika. Shangazi akanielekeza kwa mzee mmoja maeneo ya Majengo anayetengenezea chini ya mwarobaini, kazi zake nyingi ni za Phoenix na baiskeli za watoto. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, weka hapo." Akaweka spoku, akazungusha rimu, akaipiga piga ikanyooka. Halafu wakati namlipa akaniambia panda nikuone. Nikaegemea ukuta, nikapanda. Akachuchumaa pembeni, akanyamaza muda, mi nikajua anaangalia siti. Akasema, "Mwanangu, mikono yako imenyooka kama mtu anasukuma gari bovu."

Nikaangalia mikono. Kweli. Viwiko vimenyooka kabisa, mabega yamepanda masikioni. Akaniambia tena, "Na siti hujaikalia. Umekalia pua yake. Unaufuata usukani, usukani unakukimbia, siti haina kosa."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Miezi saba, siti tatu, na hakuna mtu hata mmoja aliyeangalia mikono. Usukani ulikuwa mbali kwa hiyo mwili ulikuwa unateleza mbele wenyewe, kidogo kidogo, ili mikono ifike, na mbele ya siti hakuna upana wa kubeba mifupa, kuna ile pua tu, sentimita nne hivi, na pua inabeba kila kitu kisichotakiwa kubeba uzito. Ungeniwekea siti ya dhahabu ningeitelezea vilevile.

Nilichojifunza siku ile, na ndicho nakiomba ukishike, ni kwamba sehemu inayouma ndiyo inakwambia kosa liko wapi, na kama huisemi sehemu yenyewe, hakuna fundi atakayelipata. Nikisema siti inaniumiza, nimesema nini? Kama inauma ile mifupa yenyewe, huenda siti ni nyembamba kwako, au ndiyo umeanza tu. Kama ni ndani ya mapaja, pengine siti ni pana au iko juu. Kama ni nyama laini za mbele, ganzi, kuvimba, angalia usukani uko mbali kiasi gani, angalia pua ya siti imeinuka, angalia urefu. Kama ni upande mmoja tu, siti inaweza kuwa imekaa mshazari, au reli yake imepinda, au wewe mguu mmoja ni mfupi kidogo, watu wengi wako hivyo na hawajui. Dada yangu, kaka yangu, taja mahali. Mwambie fundi "ni mbele, sehemu za siri, zinakufa ganzi". Utaona aibu sekunde tano. Mi nilinunua siti tatu kuzikwepa hizo sekunde tano.

Basi yule mzee akafungua ndoo yake ya vyuma vya zamani, akachambua, akatoa kile kishingo kinachoshika usukani, mafundi wa mjini wanaita stemu. Yangu ilikuwa ya milimita 110, aliyotoa ni 80, tena imeinama juu badala ya chini. Sentimita tatu tu. Akafunga kwa elenki, akaniambia panda tena. Viwiko vikakunja vyenyewe. Makalio yakarudi nyuma yenyewe, sikuambiwa rudi nyuma, yalirudi. Nikakaa kwenye ile siti nyembamba mbaya na kwa mara ya kwanza nikaisikia mifupa yangu miwili imegusa kitu. Shilingi 10,000 pamoja na spoku.

Kitu kimoja hapa, maana nilikifanya na nimeona machalii wengi Arusha wanakifanya: usukani ukiwa mbali usiisukume siti mbele ili uufikie. Nilifanya hivyo mwezi wa nne, magoti kwa mbele yakaanza kuuma ndani ya wiki mbili. Siti inawekwa kwa ajili ya miguu. Usukani unawekwa kwa ajili ya mikono na mgongo. Ukianza na usukani umekosea mwanzo.

Na miguu inaanza na urefu wa siti. Mzee alitumia kisigino: unakaa, unaweka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinama upande huo. Ukija kuweka sehemu ya mbele ya wayo kama unavyopanda kawaida, goti linabaki limekunja kidogo, wataalamu wanapima digrii kati ya 25 na 35. Mimi kisigino hakikufika, kilikuwa kinaning'inia. Nilivyorudi Arusha nikapima kwa njia nyingine nione kama zinaelewana. Hii inajulikana kwa jina la Greg LeMond, yule Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu, na kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard: simama peku, mgongo ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja juu kabisa kama vile umekalia siti, mtu apime kutoka juu ya kitabu mpaka sakafuni, zidisha kwa 0.883. Unachopata ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli, mpaka juu ya siti, ukifuata bomba la siti. Mimi nina 75. Mara 0.883 ni sentimita 66.2. Siti yangu ilikuwa 69.

Karibu sentimita tatu juu! Na watu walikuwa wananisifia, siti iko juu kama ya wenyewe. Siti ikiwa juu sana unaifukuzia pedeli kwa vidole, nyonga inayumba kulia kushoto, na kila ikiyumba unajisugua. Mwambie mtu akupige video kwa nyuma dakika moja barabara ya Njiro au popote pametulia, usimwambie anaangalia nini, halafu angalia mstari wa kiuno. Kama unacheza, shusha. Ila usishushe sentimita tatu kwa siku moja, misuli na magoti vinashtuka. Mi nilishusha milimita tano, nikapanda wiki, nikashusha tano tena. Hiyo hesabu ya 0.883 ni pa kuanzia tu, viatu vinatofautiana, pedeli zinatofautiana, mimi nimeishia 66.5 na ndipo ninapokaa. Ukishusha sana nako sehemu ya mbele ya goti inaanza kuuma, hapo umevuka.

Siti ya nne ndiyo niliyonunua kwa kupima, na hii niliipenda mpaka nikaipimia nusu ya walimu wenzangu. Chukua kipande cha boksi, yale yenye mawimbi ndani, la mafuta ya kula ni zuri. Liweke juu ya ngazi ya saruji au stuli ngumu. Kaa juu yake ukiwa na nguo nyepesi, inua miguu kidogo kwa kuweka tofali chini ya nyayo, inamia mbele kama umeshika usukani, hesabu mpaka 30, simama bila kujisogeza. Halafu chukua chaki uilaze ubavu, upake juu ya boksi polepole kama mtoto anachora sarafu kwenye karatasi. Vile vishimo viwili vinabaki havina chaki. Vinaonekana vizuri kabisa, viwili, kama macho. Pima kutoka katikati ya kimoja mpaka katikati ya kingine. Mimi ni milimita 130. Siti ya bingwa niliyouziwa ilikuwa na upana wa 130 yote, ukingo kwa ukingo, na kingo zake zimeinama, kwa hiyo mifupa yangu ilikuwa inakalia hewa na mwili umebebwa na katikati. Kwa mkao wa kulala mbele kiasi watu huongeza milimita 20 hivi, zaidi kama unakaa wima. Nikatafuta ya 155 yenye tundu refu katikati. Sisi wanawake kwa wastani mifupa hii imeachana zaidi kuliko ya wanaume, lakini usikisie kwa macho, mwenzangu mmoja mnene, mwili mkubwa, alipata 105, na mwanaume mwembamba kama mwanzi akapata 135. Makalio unayoyaona sio mifupa.

Pua ya siti isawazishwe. Weka baiskeli mahali pa sawa, laza kitabu juu ya siti, weka pima maji ya fundi ujenzi juu ya kitabu, au simu, nyingi zina kipimo hicho. Anza sawa kabisa. Ukiona bado unabanwa mbele inamisha chini digrii moja, panda siku mbili, ikibidi ya pili. Ukizidisha, unakuwa unateleza mbele tena na mikono inakuzuia usianguke, na hapo ganzi inahamia viganjani, kidole kidogo na cha pembeni yake. Niliwahi kukaa na digrii tano hivi kwa ujinga wa kufikiri zikizidi ndiyo nafuu, nikarudi nyumbani siwezi kushika kalamu. Kwa mbele na nyuma tumia timazi: krenki ziwe sambamba na ardhi, uzi wenye nati kutoka chini ya goti la mbele, ukining'inia upite karibu na ekseli ya pedeli. Sio sheria, ni mahali pa kuanzia, ukishapita hapo sikiliza magoti.

Kaptula. Kaptula ya baiskeli yenye pedi inavaliwa bila chupi. Najua. Lakini chupi ina mishono, mshono uko palepale, jasho linakaa, na hiyo pedi imeshonwa ikae kwenye ngozi. Kama hutaki kupita Sakina watu wanakuangalia, vaa sketi fupi nyepesi au kaptula pana juu yake, mi ndivyo nafanya na nipo huru. Vitu vingi nanunua vya mtumba soko la Kilombero, au Memorial nikiwa Moshi, na sioni shida, ila hii nunua mpya hata kama utakula maharage mwezi mzima, ya mtumba pedi yake imeshakufa, unaikunja haijirudishi, na hujui ilikuwa ya nani. Ukifika nyumbani ivue kabla hata ya kunywa chai, oga, ifue, ianike juani imegeuzwa. Mafuta ya mgando yanasaidia msuguano, lakini yanang'ang'ania kwenye pedi, kwa hiyo ifue kwa nguvu.

Ukishatokwa na vipele au jipu usikamue. Pumzika siku mbili tatu, osha, kausha, acha papumue. Vinyweleo ukivinyoa kabisa vinarudi kwa kujikunja ndani ya ngozi na ndiyo mwanzo wa majipu mengi, punguza tu kwa mkasi. Likiwa kubwa, linauma bila kuguswa, au una homa, nenda hospitali, hilo sio la kuvumilia. Laurent Fignon mwaka 1989 alikuwa anaongoza Tour de France kwa sekunde 50 siku ya mwisho, zimebaki kilometa 24.5 tu kutoka Versailles kuingia Paris, kila mtu anakimbia peke yake akipimwa muda wake, na alikuwa na kidonda cha siti kilichokuwa kinamtesa. Akapoteza kwa sekunde 8, baada ya kilometa zaidi ya 3,000. Aliyemshinda ni yuleyule LeMond. Sisemi ni kidonda peke yake, LeMond siku hiyo alikuwa na usukani maalum wa kukata upepo pia, lakini nikikumbuka nilivyoshindwa kukaa kwenye kiti cha ofisini Jumatatu, nashangaa yule mtu alipandaje kabisa.

Sasa kaka zangu. Mtaani kuna maneno kwamba baiskeli inamaliza nguvu za kiume, na nyie mnacheka halafu mnanyamaza, na nimeshaambiwa na wawili pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba ganzi wanaipata kila Jumapili. Kinachotokea ni hiki: kuna mshipa wa fahamu na mishipa ya damu inapita katikati, pale kati ya njia ya haja kubwa na sehemu za siri, na pua ya siti ikibana pale, damu inapungua na fahamu inakufa ganzi. Wanaume wanayo, sisi tunayo. Baiskeli iliyokaa sawa haibani pale, kwa hiyo sio lazima uache baiskeli, ila ganzi ni kengele, ukiisikia simama kwenye pedeli saa hiyohiyo, na usisubiri ije, kila dakika 10 inuka sekunde chache hata kama huumii. Na kama umeshuka, umefika nyumbani, umelala, na asubuhi bado hujisikii vizuri, au mambo ya chumbani yamebadilika, muone daktari na umwambie unapanda baiskeli masaa mangapi. Tafadhali.

Tairi nalo lina mchango kwa barabara zetu, yale matuta madogo madogo yaliyopangana kabla ya kila kijiji barabara ya Moshi unayajua. Nilikuwa najaza upepo paundi 110 kwa sababu ndivyo nilivyokuta, nikahamia tairi za milimita 28 na sasa najaza 70, sijapungua mwendo na mgongo unanishukuru.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, nafurahi sana kuona vijana wengi barabarani, tena wasichana wapo. Ila nao wamemuona bingwa Pogačar amelala juu ya baiskeli mgongo umekuwa meza, wakarudi wakashusha usukani mpaka mwisho. Mdogo wangu, yule amepimwa na watu wenye kazi hiyo, amelala hivyo tangu utotoni. Wewe kama ukiinama vidole havigusi nyayo, weka vijiringi vyote vile chini ya stemu, usukani ukae juu, utashusha kimoja kimoja mwili ukikubali.

Baada ya mabadiliko yote nilirudi barabara ya Moshi mwezi wa kumi. Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, nikapita pale ninapopaogopa na nilikuwa nimejiandaa kusimama, nikashtukia tumeshafika njia panda ya KIA na nimekaa, viwiko vimekunja, napiga stori na mzee wetu wa kundi kuhusu mahindi yake. Tukashuka Kikafu tukapanda ng'ambo. Majengo nikamkuta mzee chini ya mwarobaini, nikampelekea sukari kilo mbili, akaniangalia mikono kwanza kabla ya kuitikia salamu.

Siti nimeiwekea alama ya rangi ya kucha kwenye bomba, nyekundu, ili fundi akiitoa airudishe palepale, na vipimo vyote nimeandika nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Jumamosi hii kuna dada wawili wa Kisongo wanakuja na baiskeli zao tuzipime, na wa kundi letu mnapajua nyumbani. Saa 2 asubuhi. Njoo na kipande chako cha boksi, chaki ninazo.